Siku Tatu Gatini na Chanjo ya Surua

Siku yangu ya kwanza kazini, katika zahanati moja karibu na Lumakanda, sikumgusa mgonjwa hata mmoja. Sista Mkuu, mwanamke mfupi aliyevaa sweta ya bluu mvua na jua, alinishika mkono akanisimamisha mbele ya friji ya chanjo.

"Imbayi, soma hicho kipimajoto."

"Nyuzi tano, Sista."

"Chanjo hukaa kati ya mbili na nane. Ikipata joto inakufa, na inakufa kimya. Wewe utamdunga mtoto maji matupu, na mama yake ataenda nyumbani akiamini mtoto amekingwa. Hiyo ndiyo dhambi yetu sisi wauguzi. Usije ukaitenda."

Nilikaa Lumakanda miaka sita, nikizunguka kwenye mashamba ya mahindi na kisanduku cha chanjo begani. Baadaye nilihamishiwa mjini Kakamega, nikapanga nyumba mtaani Shieywe, nikafanya kazi chini ya Afisa wa Chanjo, bwana aliyependa mikutano kuliko watoto. Nilivumilia mikutano hiyo kwa muda mrefu. Mwishowe nikaomba kazi kwenye mradi mmoja mdogo uliokuwa na boti ya zahanati katika Ziwa Viktoria. Mume wangu alicheka sana.

"Wewe? Si unaogopa hata mto Isiukhu ukijaa?"

"Naogopa," nikamwambia, "lakini naenda."

Ninyi mnaoanza kazi hii sasa, mkiwa na simu zinazowaonyesha joto la friji mkiwa nyumbani, nataka mjue ilivyokuwa safari moja tu kati ya nyingi nilizosafiri.

Tulikuwa watu watatu botini. Nahodha, mzee mrefu wa maneno machache, wote tulimwita Kapteni. Juma, mtu wa Mumias, alikuwa fundi wa injini. Mimi nilikuwa muuguzi. Ziara yetu ilichukua siku tisa, kisiwa baada ya kisiwa. Safari hiyo tulikuwa na haraka, kwa sababu katika kisiwa cha mwisho, cha mbali kuliko vyote, surua ilikuwa imelipuka. Watoto kumi na wawili walikuwa wagonjwa, na wengi wa wenzao walikuwa hawajachanjwa.

Siku ya nne mchana, upepo uligeuka. Kapteni alitazama upande wa kusini, akaielekeza boti kwenye kisiwa kidogo cha wavuvi kilichokuwa na gati la mawe. Tulipomaliza tu kufunga kamba, mvua ikashuka kama imemwagwa kwa ndoo. Mawimbi yalipanda juu ya gati. Tukadhani ni mvua ya saa moja.

Asubuhi iliyofuata ziwa lilikuwa jeupe kwa povu. Friji yetu ilitumia umeme wa jua, na jua halikuwepo. Kufikia saa nne betri ilikuwa imekufa. Nilihamisha chupa zote kwenye sanduku baridi, lile kubwa lenye kuta nene, nikazizungushia pakiti za barafu. Sanduku hilo huweza kutunza ubaridi siku kadhaa kama hulifungui ovyo. Lakini pakiti zetu zilikuwa zimeanza kulegea, na hapakuwa na mahali pa kuzigandisha upya.

Mratibu wa mradi alipiga simu kutoka bara. "Sista, watu wa kule wananipigia kila saa. Hamwezi kupenya hata kidogo?"

Nikamgeukia Kapteni. "Umesikia?"

"Nimesikia."

"Basi twende."

"Hatuendi."

Nilimwambia maneno ambayo mpaka leo nayaonea haya. Nilimwita mwoga. Nikalibeba sanduku, nikaenda kwa mwenye mashua mmoja aliyesema atanivusha. Kapteni alinifuata mpaka ukingoni mwa gati, maji yakimtiririka usoni.

"Sista, wewe ni mtu mzima, siwezi kukufunga kamba. Lakini sanduku hilo likizama, wale watoto utawapelekea nini?"

Kisha nikalishusha sanduku. Ile mashua iliondoka bila mimi. Haikupita nusu saa ikarudi, wanaume wakichota maji kwa ndoo, ubao wa mbele umepasuka. Kapteni aliwasaidia kuivuta, na hakunitazama hata mara moja. Nilimshukuru kwa hilo.

Basi nikajiambia: kama siwezi kwenda, kazi yangu ni kuhakikisha kwamba nitakapofika nitafika na chanjo iliyo hai. Kisiwani palikuwa na barafu mahali pamoja tu, kwenye banda la Mama Akinyi, mnunuzi wa samaki. Alikuwa na mbuta tele wakisubiri meli ya bara, ambayo nayo ilikuwa imezuiwa na dhoruba.

"Barafu yangu ikiisha, samaki wangu wanaoza," alisema. "Watoto wa huko ni wengi, lakini na mimi nina wangu."

Sikumlaumu. Nilimwonyesha chupa moja. Kila chupa ina duara lenye kimraba katikati, kinachoingia weusi kadiri chanjo inavyopata joto. Kimraba kikiwa cheupe kuliko duara, chanjo ni nzima. Kikifanana nalo rangi, unaitupa. Cha kwetu kilikuwa kimeanza kuingia kivuli. Mama Akinyi aliisogeza chupa kwenye mwanga, akakitazama.

"Na nikikupa, hawa samaki?"

"Tutawapasua na kuwakausha kwa moshi. Sisi watatu na wewe. Leo."

"Umewahi kupasua mbuta?"

"Mimi ni mtu wa obusuma, ugali wa kwetu, na kuku. Nifundishe."

Tulifanya kazi siku hiyo mpaka usiku na kesho yake chini ya mabati yaliyokuwa yakitikisika. Kapteni alipasua, Juma aliwasha kuni mbichi zilizokataa kushika, mimi nilipaka chumvi mpaka vidole vikachanika. Kila baada ya saa chache niliacha chumvi, nikanawa, nikamwaga maji ya barafu iliyoyeyuka na kutia nyingine iliyofungwa kwenye mifuko ya plastiki. Mchana wa siku ya pili kipimajoto kilisoma nyuzi saba na nusu. Jioni kikashuka mpaka nne. Juma alisema "Alhamdulillah" kwa sauti kubwa hivi kwamba Mama Akinyi alicheka.

Siku ya tatu ya kukwama, kabla jua halijatoka vizuri, Kapteni alikuja kunigongea. "Sasa," alisema.

Tulifika kile kisiwa cha mwisho kabla ya saa sita. Watu walikuwa wamesimama ufukweni kimya, na nilielewa kabla sijaambiwa. Mtoto mmoja alikuwa amefariki jana yake. Wa kwanza kwenye mstari alikuwa mama yake, akiwa na mdogo wa marehemu mgongoni. Hakuwa akilia.

"Mmechelewa," aliniambia.

"Ndiyo, mama. Tumechelewa."

Alimshusha mtoto, akamkalisha mapajani, akamshika mkono imara ili asijitupe. "Haya. Mdunge."

Nilikitazama kimraba: bado kilikuwa cheupe kuliko duara. Nikamdunga. Tulichanja mpaka giza likaingia, na kesho yake tena, mpaka hakuna mtoto aliyebaki. Baada ya wale kumi na wawili, wachache tu zaidi waliugua. Hakuna mwingine aliyekufa.

Tukiwa njiani kurudi nilimwomba Kapteni msamaha. Alisema, "Hata mimi nilitaka kwenda, Sista." Tulifanya kazi pamoja miaka saba zaidi.

Sasa nimestaafu, niko Khayega kwenye shamba letu. Wauguzi wachanga hunitembelea na kuniuliza nilihisi nini, kwa vile mtoto mmoja hatukumwahi. Nawaambia ukweli: naijua sura ya mama yake kuliko sura za wengi niliowaponya, na nikisali namtaja. Sijawahi kujilaumu kwa kusubiri, wala sijawahi kusema kwamba kusubiri hakukuwa na hasara. Yote mawili nayabeba. Lakini mama huyo alipomshika yule mdogo na kuniambia nimdunge, aliniamini kwamba kilichomo ndani ya sindano ni dawa kweli. Na kilikuwa dawa.