Nyawira Alijuaje Mambo ya Kesho

Harufu ya viazi vilivyotoka kuchimbwa, udongo ukiwa bado umevishika, ndiyo hunirudisha Endarasha. Baba aliviweka magunia kwa magunia kwenye kona ya sebule, kando ya televisheni ndogo iliyotumia betri ya gari, na hata leo tamthilia kwangu haijakamilika bila harufu ya shamba. Mwaka niliokuwa darasa la sita kulikuwa na moja ya kigeni, ya msichana wa kazi aliyemtafuta mama yake katika nyumba za matajiri. Ilianza saa kumi na mbili jioni. Watoto wa jirani walijaa sakafuni, wamevuta masweta hadi masikioni kwa baridi, nami niliandika wimbo wake daftarini jinsi nilivyousikia, maneno ya lugha nisiyoijua, na kuuimba shuleni kwa madaha. Nyumba yenye betri ilikuwa yetu, kwa hivyo niliona hadithi nayo ni yangu.

Rafiki yangu Nyawira, tuliyekaa naye dawati moja, alikuwa akiishi kwa nyanya yake. Mama yake alikuwa ameenda kuchuma majani chai Kangema, ndivyo alivyotuambia. Muhula wa pili ulipoanza, Nyawira akaanza kutabiri. Jumatatu moja alisema tajiri angeanguka kwenye ngazi, na jioni ile akaanguka. Juma lililofuata alisema barua ingechomwa, ikachomwa. Wakati wa mapumziko wasichana walimzunguka yeye, mimi mwenye televisheni nikabaki nikimenya ndizi yangu peke yangu. Nilimuuliza alijuaje, akatazama viatu vyake na kusema, "Najua tu." Jibu hilo lilinikaa kooni kama mfupa. Nikaanza kumchunguza. Niligundua kwamba kila Jumamosi hakuonekana kijijini, na kwamba Jumapili kanisani alisinzia. Nikamwuliza Nyawira ni lini mama yake angerudi kutoka Kangema. Akasema mwezi ujao. Mwezi ukaja, ukapita.

Nilipomweleza mama yangu, aliacha kukoroga uji. Mama yangu alikuwa mtu wa maombi, na pia mtu wa kushuku. Mgeni akisifu ng'ombe wetu, alimwombea yule ng'ombe kabla ya kumkamua. "Huyo mtoto ako na kitu," akasema. "Mtu hawezi kujua ya kesho kama si Mungu amemwonyesha. Na Mungu hawezi kumwonyesha mtu mambo ya televisheni." Akaongeza kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Jioni iliyofuata alimsimamisha Nyawira mlangoni na kumwambia arudi kwao, leo na siku nyingine zote. Nyawira alinitazama juu ya bega la mama. Nilijifanya ninarekebisha antena.

Jumamosi moja, wiki tatu baadaye, mama alinichukua twende hospitalini Nyeri kumwona mwanamke wa kanisa letu aliyevunjika mguu. Tulibeba chupa ya chai na mkate. Wodi ilinukia dawa ya kuoshea sakafu, na kwenye kitanda cha nne kutoka mlangoni nilimwona Nyawira, amekaa ukingoni, bega kwa bega na mama yake. Mama yule alikuwa amekonda hadi shingo ikaonekana ndefu. Mbele yao kulikuwa na mashine ndogo ya kuchezea diski, ya mgonjwa wa kitanda jirani aliyeletewa tamthilia ile yetu nzima na binti yake. Usilolijua ni usiku wa giza, na mimi nilikuwa nimeuzunguka usiku ule kwa kiburi muhula mzima.

"Nilimkataza kusema," mama yake Nyawira akatuambia kwa sauti ya chini. "Watu wakisikia ni uvimbe, wanaanza kukuzika kabla ya wakati. Napasuliwa Jumanne. Nilitaka tu nione kama yule msichana atampata mama yake."

Mama yangu alifungua chupa tuliyomletea yule aliyevunjika mguu, akamimina chai, akaushika mkono wa yule mgonjwa asiuachilie. Nilimwambia Nyawira pole. Akasogea kidogo, nikakaa. Tukatazama hadi mwisho, sote wanne, na sikumwambia mtu yeyote shuleni.

Upasuaji ulikwenda vizuri, lakini walihamia Wang'uru kwa ndugu za mama yake, na Nyawira hakukanyaga tena sebuleni mwetu. Nilikuja kuipata namba yake tukiwa watu wazima. Wanauza mchele, yeye na mama yake, na wote wawili bado wamezama katika tamthilia. Nami pia: nafuata tatu kwa pamoja, nacheza mpira wa kwenye skrini na binti yangu, na simu hunipendekezea nyimbo nitakazozipenda kabla sijazisikia. Kitu hicho kinajua ya kesho yangu kuliko Nyawira alivyowahi kujua, na hakuna aliyewahi kukisimamisha mlangoni. Nilipompigia simu nilimwambia hivyo, kisha nikamwomba msamaha kwa maneno kamili, kama ilivyopasa tangu zamani. Nikasikia mchele ukimiminwa kwenye debe.

"Kunishuku haikuniuma sana," akasema. "Ata mimi ningeshuku. Lakini uliniuliza nimejuaje. Hukuniuliza Jumamosi nilikuwa nalia wapi."