Daftari Moja la Shule na la Hospitali

Chekeni tu, maana hata mimi siku hizi nacheka, ila siku ile nilitamani ardhi ipasuke inimeze na sare yangu ya shule, na yote ni kwa uvivu wa kwenda dukani kununua daftari.

Nilikuwa na miaka kumi na tano, nimetoka kwetu Chilangala kuja kusoma Masasi, nakaa kwa shangazi, na kichwa kinaniuma kila asubuhi. Shangazi alisema ni jua la Masasi (kwake kila kitu ni jua la Masasi), lakini wiki ya tatu akanipeleka kituo cha afya, tukakaa benchi moja na watoto wachanga wanaolia, mimi nimewapita mama zao kwa urefu. Sasa mnajua, hospitali unakwenda na daftari lako wakuandikie humo, nami nikaona la nini kununua jipya, nikaligeuza la Kiswahili, nikaanzia nyuma.

Daktari alikuwa dada mpole. Alipomaliza kunipima akasema, "Mama Fadhili, naomba utupishe kidogo." Shangazi akanuna, akatoka.

"Ukiacha shikamoo na marahaba," daktari akaniuliza, "leo umeongea na nani?"

Nikafikiri, nikafikiri, machozi yakanitoka. Nilikuwa mpweke, na sikujua kwamba upweke nao unapelekwa hospitali. Akaandika maelezo yangu, kisha akanipa kazi: kila siku niandike jina la mtu mmoja niliyezungumza naye, nimletee Ijumaa, na nisione haya kuandika ukweli.

Nikaandika ukweli. Jumatatu: hakuna. Jumanne: mbuzi wa shangazi (huyo tuliongea sana, habari za nyumbani). Jumatano: muuza karanga, ila alinifananisha na mtu mwingine.

Alhamisi mwalimu wa Kiswahili akaingia, akasema, "Badilishaneni madaftari, sahihishaneni," kwa sababu tulikuwa wengi mno, nami kwa mazoea nikampa Zuhura aliyekaa nyuma yangu, nikachukua lake, nikaanza kumwekea vyema na mikasi kama mwalimu kweli. Zuhura akafungua upande usio wenyewe. Nikasikia kicheko, kisha, "Mwalimu, huyu ameandika anaongea na mbuzi!"

Darasa likaangua kicheko. Mwalimu akadhani ni insha (maskini, hakuwa na nia mbaya), akasema, "Hebu isome kwa sauti." Nikainuka kumnyang'anya, nikajikwaa kwenye benchi, nikaanguka mzima mzima mbele ya wavulana, na Zuhura hakuacha, akasoma mpaka maneno ya daktari: "Analia. Anasema hana mtu wa kuongea naye." Hapo darasa zima likanyamaza, na ule ukimya uliniuma kuliko kicheko. Nikatoka mbio, begi nimeliacha.

Niliapa kwamba kituoni sirudi. Lakini kichwa hakikuwa na habari na kiapo changu, kwa hiyo Ijumaa nikaenda peke yangu na daftari jipya, halina hata neno. Daktari akauliza, "Jana uliongea na nani?" Nikasema hakuna, kisha nikamsimulia yote, kuanguka kwangu, mbuzi, mwalimu, huku nacheka na kulia kwa pamoja, hadi akina mama wakaanza kugonga mlango. Tangu nifike Masasi sikuwahi kuongea na mtu muda mrefu namna ile.

Zuhura aliniomba radhi, ila urafiki haukuwepo. Nami nawaambia, la shule ni la shule na la hospitali ni la hospitali, sitachanganya tena hata duka liwe Mtwara. Shuleni waliniita Mama Mbuzi mpaka nikamaliza kidato cha nne. Jina lilinikera sana, lakini kila nilipoitwa niliitika, kwa sababu kabla ya hapo hakuna aliyekuwa akiniita.