Helmeti na Nailoni Yake

Waliosema mimi naogopa walikuwa wanaume sita wa karakana yetu ya Kabalagala, pamoja na bosi wao, na wote hao wanachomelea vyuma kwa miwani ya jua. Ndiyo, miwani ile ile wanayouziwa vijana kando ya barabara ili wapendeze baa. Unaivaa, unageuza uso kidogo, unafumba macho, unagusa chuma kwa kijiti cha kuchomelea, na mwako ukishashika ndipo unafumbua. Ndivyo tulivyofundishwa sote. Mtu anayefunika uso mzima, kwetu, ni mwanafunzi ambaye bado hajaujua moto.

Nami nilifundishwa hivyo hivyo, na baba yangu mzazi. Baba alikuwa fundi wa jeshi, miaka mingi, akichomelea magari na mageti ya kambi. Bosi wangu wa sasa alijifunza kazi mikononi mwake, na mpaka leo akimtaja humwita Afande. Mimi ananiita Binti Afande, akifurahi na akikasirika. Watu wakiniona na hijabu yangu na grainda ya kukatia chuma mkononi hushangaa, huuliza kama sikupata kazi nyingine. Niliipata hii, naitaka hii. Sisi Wanubi tulikuja mji huu na jeshi, na katika ukoo wetu chuma hakikuwahi kuwa kigeni kwa mtu.

Sasa baba haoni. Huona mwanga wa mlango, huona kivuli cha mtu akipita, basi. Daktari alisema nyuma ya macho kumeungua, hapana cha kupasua wala cha kuvalisha miwani. Ilianza polepole sana. Mwanzo alilaumu wachapishaji. Alikuwa akisoma Kurani kila jioni, na siku moja akasema, "Siku hizi wanachapisha kwa wino wa maji." Akanunua msahafu mwingine. Nao akaulaumu, wino wa maji. Tukacheka naye, tukawasema wachapishaji pamoja naye, wajinga sisi.

Tangu hapo mimi ndiye ninayemsomea. Narudi kutoka kazini, naoga, natawadha, nakaa naye barazani kwetu chini ya kilima cha Naguru, nasoma mpaka adhana ya Magharibi. Yeye amehifadhi karibu yote, kwa hiyo nikikosea ananirudisha kwa kidole, anagonga goti langu. Mama alishatangulia, kaka zangu wako mbali na kazi zao. Nyumba ile ina macho mawili tu, na macho hayo ni yangu.

Basi jioni moja nikaruka mstari. Baba akagonga goti. Nikarudi, nikasoma, nikaruka tena mahali pale pale. Herufi zilikuwa zinaogelea. Safari hii hakugonga. Aligeuzia uso kwenye mwanga wa jioni. Haya, nakubali, niliogopa. Lakini sikuuogopa mwako. Niliogopa siku ambayo tungekaa pale barazani wawili na kitabu kimefungwa.

Jumatatu yake nikaenda mjini, chini ya Nakasero, kwenye maduka ya vifaa. Muuzaji alinitazama, akatazama nyuma yangu kama kuna mwanamume anayekuja.

"Nyabo," akasema, yaani bibi kwa Kiganda, "unanunulia bwana?"

"Ninanunulia uso huu hapa."

Akashusha helmeti tatu. Ya kwanza ilikuwa ya kioo cheusi cha siku zote, giza tupu: huwezi kuona unapoanzia mpaka umeshaanza, na ukitaka kuona unaiinua, na ukiiinua umekwisha. Ya pili ilikuwa ya kujigeuza yenyewe, imechorwa chui ametoa meno. Ya tatu nayo ya kujigeuza, nyeusi, haina pambo lolote. Bei yake ilikuwa ya kuuma. Muuzaji akasema vijana wote wanachukua ya chui.

"Mimi sichomelei na meno," nikamwambia. "Leta zote mbili nje."

Hakupenda, lakini alinifuata. Helmeti za namna hii zina macho yao wenyewe, vidoa viwili vidogo juu ya kioo. Vikiona mwako, kioo kinakuwa cheusi kabla hata hujapepesa. Mwako ukizimika, kinarudi cheupe. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na fundi anachomelea kiti. Nikasimama mbali kidogo, nikavaa ya chui, nikamtazama. Ikachelewa. Nilihisi ule mchomo mdogo nyuma ya jicho, kisha ndipo giza likaja, limechoka. Nikavaa ile nyeusi. Giza likaingia lenyewe, pap! Nikabaki naona kijiti chenyewe, ncha yake, mkono wa fundi. Wallahi nilicheka peke yangu barabarani, bodaboda wakanipigia honi.

"Hii," nikasema.

Muuzaji akaifuta vizuri, akairudishia nailoni yake laini juu ya kioo, ile inayokuja na kitu kipya. Juu ya nailoni, sehemu ya juu, akabandika stika ya duka na kutia sahihi kwa kalamu nene. "Siku saba ukiona ina shida unarudisha. Lakini nyabo, nailoni usitoe. Stika usitoe. Ukitoa, mimi sikujui."

Sikuona ajabu yoyote. Nani kwetu anatoa nailoni? Makochi yetu yamekaa na nailoni mpaka ikapasuka yenyewe. Rimoti ya televisheni ina nailoni, kiti cha pikipiki kina nailoni, jirani yangu ana friji miaka minne na bado limevaa nguo yake ya dukani. Kitu chenye nailoni ni kipya, na kikiwa kipya kinarudishika. Nikaondoka na mali yangu, kichwa juu.

Karakanani walinipokea kwa shangwe za kipuuzi. Mmoja akapiga saluti. Mwingine akauliza kama mwezini kuna baridi. Bosi akaizungusha helmeti mikononi mwake, akanirudishia kwa vidole viwili.

"Binti Afande, baba yako alichomelea magari ya jeshi zima kwa miwani."

"Na leo anayaona magari hayo?"

Bosi alikunja uso, akasema kazi iendelee. Nilijua nimempiga pabaya, na sikujuta.

Lakini helmeti, lo! Ilinitia aibu. Nagusa chuma, mwako unawaka, giza haliji. Linakuja mara moja katika tatu, na mara hizo mbili nakula mwanga wote usoni. Siku ya pili ikawa mbaya zaidi, maana moshi na vumbi vilikuwa vimeganda juu ya nailoni, na hata kabla ya kuwasha sikuona vizuri ninapotaka kushika. Nilikuwa natengeneza geti la baa moja ya pale pale Kabalagala, geti kubwa la milango miwili, na viungo vyangu vilikuwa vinakaa upande. Wenzangu walikuwa wanapita nyuma yangu wakikohoa kicheko. Nikaitukana helmeti kwa Kinubi, kwa Kiswahili na kwa Kiganda.

Siku ya tatu mwenye baa akaja kutazama geti lake. Bosi akanionyesha kwa kidole mbele ya mgeni yule.

"Jumamosi geti linasimama. Chagua mwenyewe, geti au hilo ndoo lako la kichwani. Ukichagua ndoo, geti nampa mwingine."

Damu ilinichemka. Nikaivua helmeti, nikaitupa juu ya mabati, nikanyoosha mkono kwa jirani yangu wa meza ya kazi. Akanipa miwani yake ya jua. Nikachomelea bawaba zote mchana ule, nageuza uso, nafumba, nafumbua, kama nilivyofundishwa. Kazi ilikwenda. Walinipigia makofi! Hicho ndicho kilichoniuma kuliko yote.

Nilipofika nyumbani mchanga ulikuwa umeshaanza. Fundi yeyote anaujua mchanga huo: unahisi mtu amekumwagia kokoto chini ya kope, machozi yanatoka yenyewe, mwanga wa taa unakuchoma. Nikaoga, nikatawadha, nikakaa pale barazani na msahafu mapajani. Nikaufungua. Sikuweza kuliona hata jina la sura.

Baba alinisikia nikipangusa machozi. Kisha akasema, "Leo umechoma kwa miwani."

"Ndiyo, baba."

"Na helmeti?"

Nikamweleza yote, na nikalia. Silii mbele ya watu, lakini yeye hanioni, na jioni ile hata mimi sikumwona. Nikamwambia nimeuziwa takataka, kwamba kesho kutwa nikipata nafuu nairudisha, kwamba labda wao ndio wana haki na mimi ni mwanamke mwenye kiburi tu. Hakunibembeleza. Alisema, "Ilete."

Nikampa. Akaiweka magotini, akaipapasa kama anavyopapasa kila kitu siku hizi, taratibu, kutoka nyuma kwenda mbele. Mkanda. Kitufe cha kuzungushia giza. Fremu. Alipofika kwenye kioo, ukucha wake ukanasa kwenye ukingo.

"Mbona imevaa nailoni?"

"Garantii, baba. Nikiitoa hawaichukui tena."

"Ulisema ina macho yake yenyewe. Yako wapi?"

"Hapo juu ya kioo, mawili."

Kidole chake kikapanda, kikasimama. "Hapa mimi nashika karatasi."

Stika. Stika ya duka, na sahihi yake na mbwembwe zake, imekaa juu ya jicho moja lote na nusu ya la pili, na chini yake nailoni iliyojaa moshi wa siku tatu. Ile siku ya kuijaribu barabarani ilikuwa uchi, ndiyo maana ilifanya kazi. Nimenunua helmeti ili inionee, halafu nikaifunga kitambaa cha macho ili isichakae! Baba alianza kucheka. Alicheka mpaka akakohoa, mpaka nikampigapiga mgongo.

"Bado zimebaki siku nne," nikasema, mjinga mimi. "Nikiibandua hairudi."

Akaacha kucheka. "Na haya yangu," akasema, akigusa kope zake, "nirudishe duka gani?"

Siku iliyofuata nililala na majani ya chai baridi machoni. Siku ya pili yake nikarudi karakanani mapema, nikasubiri wote wafike. Nilitaka waone. Nikaiweka helmeti juu ya meza ya kazi, nikaingiza ukucha chini ya stika, nikavuta. Nailoni ilitoka nzima, chafu, ikajikunja. Yule jirani wa miwani akashika kichwa: "Banange! Na garantii?"

"Sasa huwezi kurudisha," bosi akasema.

"Sirudishi."

Nikaivaa, nikashika kijiti, nikagusa chuma na macho wazi. Pap. Giza likaja lenyewe, na ndani ya giza hilo nikakiona chuma kikiyeyuka. Miaka kumi na miwili nimefanya kazi hii na sikuwahi kukiona! Nilikuwa nakisikia tu, nakikisia kwa mlio na harufu. Kumbe kinakuwa kidimbwi kidogo cheupe, kinang'aa, kinatembea unapokiongoza, kinajaza pengo kisha kinaganda nyuma yako. Nilikata mshono mbaya wa siku zile tatu, wote, na bawaba zile za miwani pia, nikarudia upya. Jumamosi geti lilisimama. Mwenye baa alilifungua na kulifunga kwa kidole kimoja. Sikungoja bosi aseme kitu.

Wenzangu waliendelea na miwani yao na mizaha yao. Waliazima helmeti? Waliomba. Nikawaambia kila mtu anunue uso wake. Waliniita mchoyo, na mpaka leo wananiita.

Kisha asubuhi moja, wiki kadhaa baadaye, bosi alikuja na karatasi ya vipimo, mteja ametuandikia madirisha ya nyumba yake. Aliishika mbali, akaisogeza karibu, akaigeuzia juani. Akatazama huku na huku kama wenzangu wako mbali. Halafu akanipa.

"Binti Afande, hebu nisomee. Watu wa siku hizi wanaandika kwa wino wa maji."

Nikaitazama ile karatasi. Tarakimu zilikuwa kubwa, nyeusi, zimeandikwa kwa kalamu nene, moja moja. Ningeweza kuzisoma kutoka ng'ambo ya barabara.

"Bosi," nikamwambia, "wino huu ni mzima."

Alinitazama. Nadhani alitaka kukasirika, mdomo ulifunguka kabisa, kisha akasugua macho. Naye alikuwepo siku zile baba alipokuwa anabadilisha misahafu. Nikavua glavu, nikaziweka juu ya karatasi ile isipeperuke.

"Tunakwenda mjini sasa hivi, mimi na wewe. Hospitali kwanza, dukani baadaye. Na nailoni naitoa mimi mwenyewe, pale pale kaunta."