Mugongo ya Mama Mukwe

Kwetu, mwanaume hakuli mbele ya mama ya bibi yake. Hamupe mukono, hakai naye kwenye banki moja ya kukalia, na akimuona mu njia anajiweka pembeni mupaka apite. Si chuki, njo heshima yenyewe. Miye nilitunza ile heshima tangu nioe, mupaka siku utumbo yangu ilijisokota, nikafikishwa ku hopitali ya Masisi, na muntu wa kunilinda pale akakosekana isipokuwa yeye.

Miye ni muntu wa Buleusa, lakini bibi yangu ni wa hapa Masisi, na tulikuwa tumekuja kwao ili azalie kwa mama yake. Mutoto alikuwa na siku tano wakati tumbo yangu ilianza kuvimba. Hewa haitoki, choo haitoki, tumbo imekaza sawa ngoma. Shemeji alinipandisha kwenye moto yake, ile pikipiki, miye katikati, yeye nyuma ananishika, na kwa kila shimo ya barabara niliomba Mungu anichukue tu. Akanifikisha, akarudia ng'ombe zake. Bibi yangu alikuwa angali kitandani na mutoto. Mama yangu iko Buleusa, mbali kabisa. Basi alikuja mama mukwe, na beseni yake na kitenge mbili.

Dokta alinieleza kabla ya kunilalisha na dawa. Atakata kipande ya utumbo iliyokufa, na ili ile ingine ipumzike, atatoa ncha yake inje, upande wa kushoto ya tumbo. Choo itapitia pale, itaanguka mu poshi, mufuko ya plastike inayobandikwa kwenye ngozi. Miezi kadhaa ikipita, atarudisha kila kitu ndani. Nilisema ndiyo. Muntu mwenye maumivu kama yale anaitika kila kitu.

Nilipoamuka niliona kitu nyekundu, yenye kulowana sawa ndani ya mudomo, imekaa juu ya tumbo yangu. Ukigusa haiumi, na hiyo njo ilinikasirisha zaidi: nyama ya mwili yangu, na hainisikii! Infirmiye, musichana mupole wa kutunza wagonjwa, alinieleza polepole. Siku za kwanza itatoka hewa, kisha maji-maji, kisha choo. Sasa imevimba, itapunguka, kwa hiyo kila wiki tupime upya tundu ya poshi. Nisinyanyue muzigo. Na maharagi niyaache kwanza, yanaleta hewa.

"Maharagi? Hapa Masisi? Basi munilishe majani sawa ng'ombe!"

Alicheka. Miye sikucheka.

Siku ya pili akaita mama mukwe: "Mama, njoo nikufundishe kubadilisha poshi." Mu ile sale ya vitanda, kila mugonjwa bibi yake njo alikuwa anamufanyia. Mama mukwe alisimama ku mulango, macho yake inje. Nilivuta shuka mupaka kwenye kidevu. Nilisema mu moyo: heri nife. Akiona tumbo yangu na uchafu wangu, nitaingia tena mu lupango ya nyumba yake na uso gani?

"Muficha uchi hazai," infirmiye alisema.

"Nilikwisha kuzaa," mama mukwe alimujibu. "Sema tu, miye nitashika maneno."

Akavuta kiti, akanigeuzia mugongo, akasikiliza yote akiangalia ukuta. Miye kichwa ilikuwa ingali nzito na dawa, sikushika hata neno moja.

Siku ya tatu homa ikanikamata. Ile siku siikumbuke. Najua tu kesho yake homa ilishuka, shuka ilikuwa mupya na poshi ilikuwa mupya, na nilimushukuru Mungu kwa ajili ya ule musichana.

Toka pale kazi ikawa yangu. Mama mukwe mugongo kwangu, miye mikono kwenye tumbo, yeye ananiongoza akiniita Papa, kwa heshima. "Toa ya zamani polepole, Papa, ukishika ngozi. Maji ya uvuguvugu, bila sabuni ya harufu. Panguza, usisugue. Ukiona damu kidogo kwenye kitambaa, usiogope." Mara ya kwanza nilikata tundu vibaya, choo ikavuja mupaka kwenye kiuno. Nilitupa mukasi chini. Nililia kwa hasira, mwanaume muzima!

"Okota, Papa," alisema bila kugeuka. "Hasira haibandike poshi. Na ukate zaidi upande wa kushoto, hiyo kitu haiko mviringo kabisa."

Nikakata upande wa kushoto. Ikashika.

Wanaume wa vitanda vya jirani walinicheka: "Papa wa Buleusa anajifanyia kazi ya bibi!" Niliwaacha. Nilipotoka hopitali nilijua kumwaga poshi kabla ijae nusu, nilijua chakula gani inaniletea kelele mu kanisa, na bibi yangu aliponyoosha mukono anisaidie, nilimwambia niko na yangu mbili.

Kisha miezi ine kupita, dokta alirudisha utumbo ndani. Siku ile hewa ilipita tena chini, kama ya watu wote, muzee wa kitanda ya pili alipiga kelele "Aleluya!" na sale nzima ikaitika. Hakuna hewa yangu iliyopata heshima kama ile.

Kwetu mukwe akitaka kumaliza ule umbali, analeta mbuzi, mama anapika, wanakula sahani moja. Nilivuta mbuzi na kamba mupaka kwake. Nilikuwa nimetayarisha maneno.

"Mama, aksanti. Ulinilinda mu ugonjwa, na haya yangu hukuiona."

Aliweka sahani ya nyama na maharagi katikati yetu, akakaa.

"Niliiona," alisema.

Nilifikiri nimesikia vibaya.

"Siku ya homa. Poshi ilibanduka, kitanda yote ikajaa. Infirmiye alikuwa mu operation na dokta. Ulikuwa unaita mama yako. Sasa ningeangalia ukuta? Nilikuosha mara tatu, Papa, sawa vile nilikuwa naosha bibi yako akiwa mutoto."

Kumbe njo sababu alijua ile kitu haiko mviringo.

"Sasa kesho yake juu ya nini ulinigeuzia tena mugongo?"

"Juu ulikuwa unataka kupona na heshima yako. Nikuambie, nawe ufe na haya kabla ya kidonda kukuua?"

Macho ilinijaa. Sikujua niangalie wapi. Nikageuka kwenye kiti yangu, nikamupa mugongo, nikaangalia ukuta ya nyumba yake, miye mwanaume niliyeleta mbuzi.

Alisogeza sahani upande wangu.

"Geuka, mwana wangu," alisema. "Maharagi inapoa."