Niliyemufuta Mununga

Siku ya kwanza ya kazi, Sista mukubwa wa wodi pale Nchelenge alinipa daftari na baiskeli. Alinichagua kwa sababu mimi ni muzaliwa wa Pweto, ngambo ya ziwa, na wavuvi wengi wanafanya biashara kwa Kiswahili.

"Mama Kabwe," akaniambia, "hapa tunatoa pombe mu mwili, siku kumi tu. Kuitoa mu maisha, ile ni kazi yako."

Kazi yenyewe tuliita ufuatiliaji: kumutembelea mutu aliyetibiwa, kila juma, kumuuliza amelala namna gani, amekula nini, nani amemualika kunywa. Akianguka tena tulisema amerudia. Hatukusema ametenda zambi.

Kisha wakanihamisha Mununga, nikapanga chumba. Kule muvuvi anatoka mu mutumbwi na baridi, na chupa ya kachasu, ile pombe kali ya kienyeji, inamupokea mbele bibi yake hajamuona. Mugonjwa wangu mugumu alikuwa Mulenga, fundi wa kushona nyavu. Alirudia mara tatu. Mara ya tatu alichoma wavu wa mutu mu ulevi, na bibi yake akachukua watoto, akaenda kwa wazazi wake Chienge.

Afisa wa wilaya alikuja kukagua, akasoma liste yangu ya wagonjwa, akaweka kidole kwa jina la Mulenga. "Huyu umufute. Wengine wanangojea."

Nilikuwa nimechoka, magoti yanauma. Nikamufuta. Sikubisha hata neno, tena nikajisikia mwepesi. Ni ule wepesi unaonisumbua mpaka leo.

Juma la tano, muchana, mutu akapiga hodi kwangu. Alikuwa Mulenga, macho safi.

"Mama, kila siku ya ine, siku yako ya kuja, ninafagia, ninakuwekea kiti. Hauji. Nilikosa nini?"

"Ulikuwa unakunywa, Mulenga."

"Ndiyo. Sasa nina majuma tatu bila kunywa, na sina mutu wa kumuambia."

Nilivaa viatu, tukaenda kwake, nikakaa. Tangu pale nilimutembelea nje ya liste, bila kumuambia afisa. Alirudia mara moja tena, akaja kuniambia mwenyewe asubuhi. Mwaka wa pili bibi yake akarudi na watoto wawili. Yule mukubwa alikataa.

Sasa nimepumzika kazi. Vijana walioshika nafasi yangu wananiuliza niliponya watu wangapi. Hiyo sijui. Ninajua niliofuta: ni wanane. Mulenga peke yake ndiye aliyekuja kuniuliza sababu.