Kompyuta Iliyovalishwa Kitambaa

Laptopu yangu ilikufa kwa vumbi. Fundi wa mjini aliifungua mbele yangu, akapuliza, akakohoa, kisha akanitazama kama mtu aliyeletewa mgonjwa aliyekata roho njiani. Nilimjibu jibu ambalo mwalimu hapaswi kulitoa hadharani. Mitihani ya muhula ilikuwa inanisubiri, mimi ndiye mchapaji wa idara nzima ya Jiografia, na nikiwa na kazi mezani huwa sina subira na watu wanaopuliza vitu.

Mdogo wangu, ambaye anashughulika na kompyuta huko Dodoma, alinisikiliza kwenye simu mpaka nikaishiwa pumzi. Akasema, "Dada, punguza jazba. Jumamosi nakuja na kitu."

Alikuja kweli, akamwamkia mama shikamoo, akanywa uji, ndipo akatoa hicho kitu kwenye mfuko wa shati. Kilikuwa kibao cha kijani, ukubwa wake sawa na pakiti ya karata, kina matundu ya kuchomekea waya pembeni.

"Sasa kompyuta yenyewe iko wapi?" nikamuuliza.

"Ndiyo hii."

"Usinitanie, mimi si rika lako."

Hakuwa anatania. Alichomeka kadi ya memori, ile ile ndogo tunayoweka kwenye simu, akanieleza kwamba mfumo mzima wa kompyuta unakaa humo, na ukiuchoka unabadilisha kadi tu. Mfumo wa kwanza ulikuwa mzito, ukafunguka kwa kujivuta mpaka nikaanza kusonya. Akaweka kadi nyingine yenye mfumo mwepesi, wa bure, na mara ikatokea picha ya barabara ndefu, menyu pembeni, mafaili, sehemu ya kuchapia, intaneti, kila nilichokuwa nacho kwenye laptopu. Umeme wake ulikuwa wa chaja kama ya simu. Nilifurahi kama mtoto wa darasa la kwanza. Kisha akaniambia kwamba haina kioo chake, kioo chake ni televisheni ya sebuleni.

Hapo nikanuna, maana sebuleni alikuwapo mama.

Niseme ukweli wa mambo yalivyokuwa. Baba alikuwa amefariki kule kijijini kwetu Mkalama, na baada ya matanga tulimleta mama akae na mimi hapa Mandewa, Singida mjini. Aliacha shamba la alizeti, kuku wake na majirani aliozeeka nao. Alikuja na begi moja na hakulipangua. Asubuhi alitoa kanga ya kuvaa, jioni akaikunja, akairudisha, akafunga zipu. Mwanamke aliyekuwa akiamrisha nyumba nzima bila kunyanyuka kwenye kigoda, kwangu hakuomba chochote. Chai mpaka umpe. Maji mpaka umpe. Ukimuuliza anataka nini, jibu lake lilikuwa, "Sina shida, mwanangu." Na kufuma, kazi aliyoifanya miaka yote huku akiongea, huku akipika, hata akiwa kwenye mkutano wa kijiji, aliacha siku tuliyomzika baba. Nilikuwa namwona anapungua. Nilikuwa naogopa, naandika bila aibu, kwamba tungezika tena kabla mwaka haujaisha.

Laptopu ilinipa chumba na mlango wa kufunga. Kibao kile kilininyima vyote viwili. Kila jioni nikawa nakaa kwenye mkeka, kibodi mapajani, na mama nyuma yangu kwenye kochi, kazi yangu yote imetandazwa kwenye televisheni mbele yake.

Siku za mwanzo alikaa kimya. Siku moja nilikuwa nachora mistari ya kontua kwa ajili ya swali la ramani.

"Hiyo ni nini?"

"Ni mlima, mama. Ukiutazama kutoka juu."

Akaufikiria. "Nani yuko huko juu?"

Nilicheka mpaka kibodi ikaanguka. Yeye hakucheka, lakini tangu hapo akawa anauliza. Nikichelewa kuwasha aliniuliza kama leo hatuifungui ile picha ya barabara, na ile barabara inaelekea wapi, na mbona haina hata punda mmoja. Nilikuwa namaliza kazi mapema na kujifanya sijamaliza.

Halafu ikaja siku niliyorudi kutoka shuleni nikaikuta kompyuta imevaa. Kwa wasiojua sebule za kwetu: kochi lina kitambaa cha kufuma, redio ina kitambaa, chupa ya chai ina kitambaa, na mama haamini kwamba kitu kina mwenyewe mpaka kifunikwe. Alikipima kibao nikiwa kazini, akakifumia kivazi cheupe chenye ua pembeni, kimekaa sawasawa, na nafasi za waya ameziacha. Uzi aliutoa kwenye lile begi. Nilisimama mlangoni na chaki mikononi, machozi yakanitoka.

"Umekipendezesha, mama."

"Kilikuwa uchi," akasema.

Jioni ile ile kompyuta ikaanza kuchechemea. Nachapa neno, neno linachelewa kutokea. Mausi inaganda. Kwenye kona ya televisheni kikatokea kipicha cha kipimajoto, kikipotea, kikirudi. Nikatoka nje hadi kwenye karo la kufulia, nikampigia mdogo wangu.

"Umekifunika na kitu?" ndilo swali lake la kwanza.

"Mama amekifumia kitambaa."

Akaniuliza mara mbili kama kweli ni mama. Naye alikuwa anajua mama hajashika sindano tangu mazishi. "Dada, kile kinachemka, kinahitaji hewa. Kitoe."

"Njoo ukitoe wewe."

"Mimi niko Dodoma."

"Basi nyamaza."

Sikukitoa. Mama akiwa anaoga nilikivua haraka, nikachapa maswali mawili matatu, nikisikia mlango nakirudisha. Haikutosha, maana mama siku hizi alikuwa hataki kukosa jioni hata moja. Nikabuni njia nyingine: nikachukua feni kutoka stoo, nikaielekeza kwenye kibao. Ulikuwa mwezi wa saba. Anayeijua Singida mwezi wa saba anajua upepo wake, unavyotoka ziwani ukatikisa mabati, na watu wanavyoshinda na masweta. Mimi nimewasha feni. Mama amejifunika blanketi mpaka masikioni, ananitazama.

"Wewe huoni baridi?"

"Nasikia joto, mama."

"Una mimba?"

"Mama, jamani!"

Alivumilia jioni kadhaa. Kisha akanyanyuka na blanketi lake, akapita mbele yangu, akaweka mgongo wa mkono juu ya kitambaa, kama alivyokuwa akitupima sisi tukiwa wadogo.

"Kina homa hiki."

Nikajifanya naendelea kuchapa.

"Kimeanza lini?"

"Kama juma lililopita hivi."

"Tangu nilipokivalisha."

Nilitamani kudanganya na sikupata uongo wa kutosha. Macho yangu yalikwenda kwenye mlango wa chumba chake, kwa sababu nilijua begi liko kitandani na zipu imefungwa, na mtu anayejiona amekuwa mzigo kwa mwanawe hahitaji dakika nyingi kuondoka.

Mama akakivua kitambaa polepole, akizungusha kila waya ili asiuchomoe. Akazima feni. Akakaa, kitambaa kikiwa mkononi, na mabega yake yakaanza kutikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka.

"Na baridi yote hii," akasema. "Ukawasha feni!" Akacheka tena, akajipangusa macho kwa blanketi. "Wewe ni baba yako kabisa. Nilimfumia kofia ya uzi mzito tulipooana, akaivaa msimu mzima akipalilia alizeti. Akatoka upele kichwa kizima. Hakuniambia. Nilikuja kuambiwa na jirani."

"Kwa nini hakusema?"

"Nilimuuliza. Akasema aliona nimefurahi."

Ilikuwa mara ya kwanza kumtaja baba tangu tumfukie. Baada ya hapo hakucheka tena, alilia, na mimi nikapanda kwenye kochi nikalia naye, kilio kizuri ambacho tulikuwa tunadaiana tangu kule kijijini. Kazi yangu ilibaki wazi kwenye televisheni. Mausi ilikuwa inatembea vizuri na kipimajoto hakikurudi.

Alipotulia alikigeuzageuza kile kitambaa, akakichunguza ua lake. Kisha akamwangalia mgonjwa wake.

"Chini yake hakisikii joto?"

"Chini nadhani ni sawa, mama. Juu ndipo pawe wazi."

"Basi nitakifumia cha kukalia." Akakikunja kile cheupe magotini. "Kesho ukipita mjini niletee uzi. Mwekundu. Huu mweupe umeniishia."

Nilimwitikia kwa sauti ya kawaida, kana kwamba mama huniomba vitu kila siku. Kisha nikaenda jikoni, nikafungulia bomba ili asinisikie.

Namshukuru mdogo wangu. Nawashukuru pia watu nisiowajua, wa nchi nisizozijua, waliotengeneza mfumo mwepesi wakaugawa bure, wakaingia kwenye sebule ya Mandewa bila kubisha hodi. Zaidi ya yote nashukuru kwamba kibao kile kilikuja bila kioo. Kingekuja nacho, ningekichukua nikafunga mlango wa chumba.

Kesho yake nilileta mabunda ya uzi mengi kuliko alivyoomba, mekundu, ya njano, ya kijani. Alinigombeza kwa kuchezea hela. Akayakusanya yote kwenye upande wa kanga, akaenda nayo chumbani, nikasikia zipu. Nilipopita kumwita aje kula nilikuta nguo zake zimepangwa kabatini, na begi liko wazi sakafuni, limejaa uzi.