Cheo cha Marehemu

Juzi nikipita mtaa wa Milanzi niliwakuta vijana wakicheza nyimbo za mwanamuziki wao aliyefariki, nikamkumbuka Babu.

Nilipokuwa mdogo, mwimbaji aliyependwa sana nyumbani alifariki. Mchana kutwa redio ilipiga nyimbo zake, huku Mama na majirani wakizicheza na kupepeta ulezi uani, vumbi lake likinukia shamba. Mtangazaji alimwita marehemu kila mara, nami nikadhani ni cheo, kama mheshimiwa. Babu aliporudi kutoka shambani nikamwamkia kwa heshima zote, "Shikamoo, marehemu Babu."

Nyungo zikasimama hewani. Babu akaweka jembe chini.

"Marahaba. Basi nichezeeni na mimi, ningali naona."

Tukamchezea mpaka ulezi ukamwagika.

Sasa cheo hicho anacho kweli. Pale Milanzi niliweka mfuko chini, nikacheza.